Kupima Kisomo cha Afya kwa Wagonjwa wa Mapafu: Kipimo Kinapovuka Kutoka Kiingereza

Katika taaluma ya utabibu limezuka jambo ambalo wanaisimu wa Kiswahili hawajalitupia jicho la kutosha, ingawa lawahusu wao sawa na linavyowahusu matabibu. Jambo lenyewe ni upimaji wa uwezo wa mgonjwa wa kupata maelezo juu ya afya yake, kuyaelewa, na kuyatumia. Dhana hiyo ilipewa jina kwa Kiingereza mwaka 1974 katika maandishi ya Scott Simonds, na tangu hapo vimebuniwa vipimo vingi, takriban vyote kwa Kiingereza, ambavyo baadaye hutafsiriwa katika lugha nyingine. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kipimo cha namna hii hakivuki kutoka lugha moja hadi nyingine kikabaki kilekile, na kwamba kwa mgonjwa wa mapafu kosa la kipimo laweza kugeuka kuwa kosa la tiba.

Wagonjwa wanaozungumziwa hapa ni wa namna mbili: wenye pumu, na wenye ule ugonjwa ambao njia za hewa huziba polepole kwa miaka mingi zisifunguke tena kikamilifu. Kwa hesabu za Shirika la Afya Ulimwenguni, ugonjwa huu wa pili uliua watu wapatao milioni 3.5 duniani mwaka 2021, nao ulikuwa wa nne katika magonjwa yanayoua watu wengi zaidi. Katika nchi tajiri chanzo chake kikuu ni tumbaku. Katika Afrika Mashariki tumbaku ipo, lakini pamoja nayo upo moshi wa kuni na makaa katika jiko lisilo na dirisha, na yapo makovu yaachwayo mapafuni na kifua kikuu. Kwa hiyo mgonjwa wa Kenya huenda akawa mama mzee ambaye hajapata kugusa sigara maishani mwake, na ambaye shule aliipitia kwa miaka miwili au hakuipitia kabisa.

Mgonjwa wa malaria huandikiwa vidonge, akavimeza kwa siku chache, na mambo yakaisha. Mgonjwa wa mapafu hana nafuu hiyo. Tiba yake ni ya maisha, na sehemu kubwa huifanya mwenyewe kwa chombo ambacho watu wengi hukiita inhela. Hana budi kukitikisa chombo, kutoa pumzi, kukaza midomo kwenye kinywa chake, kubonyeza na papo hapo kuvuta hewa polepole, kisha kuizuia pumzi kifuani kwa muda wa kuhesabu hadi kumi. Atakayekosea hatua moja ataimwaga dawa kinywani isifike mapafuni. Aidha aghalabu hupewa dawa mbili tofauti, moja ya kutumiwa kila siku na nyingine ya kutumiwa wakati wa kubanwa tu. Akizibadilisha, hatari ni kubwa.

Mwaka 1998 watafiti wa Atlanta, Marekani, walichapisha matokeo ya uchunguzi uliowahusu wagonjwa wa pumu zaidi ya mia nne katika hospitali ya umma. Miongoni mwa wale ambao usomaji wao ulikuwa chini ya kiwango cha darasa la tatu, asilimia 89 walikuwa wakitumia inhela vibaya. Miongoni mwa waliofikia kiwango cha shule ya sekondari idadi hiyo ilikuwa asilimia 48. Wengi waliosoma matokeo hayo walikazia macho namba ya kwanza. Ya pili nayo yastahili kutazamwa: karibu nusu ya waliojua kusoma vizuri hawakujua kuvuta dawa. Kusoma kuna uzito wake, ila si kitu kimoja na kuelewa, wala kuelewa si kitu kimoja na kutenda. Yeyote atakaye kupima hapana budi aamue mapema ni lipi kati ya hayo matatu analolipima.

Juu ya jina

Dhana hii bado haina jina moja katika Kiswahili. "Elimu ya afya" limekwisha chukuliwa. Hilo ni somo linalofundishwa na mhudumu, si uwezo alio nao mgonjwa. "Ujuzi wa afya" lamfanya mgonjwa aonekane kama mganga. Hapa litatumika "kisomo cha afya", kwa kuwa neno kisomo lilikomazwa na kampeni za elimu ya watu wazima nchini Tanzania katika miaka ya sitini na sabini, hasa katika istilahi ya "kisomo chenye manufaa", yaani kusoma kunakomwezesha mtu kufanya kazi fulani. Jina hili nalo lina kasoro. Pwani, kisomo ni mkutano wa kusoma Kurani na dua, na mara nyingi hufanywa kwa ajili ya mgonjwa. Mzee wa Mombasa akiambiwa kwamba hospitali itampima kisomo cha afya, si ajabu akauliza ni nani atakayesoma na ubani utatoka wapi.

Kipimo cha matamshi

Kimojawapo cha vipimo vilivyoenea zaidi kilibuniwa Louisiana mwaka 1991 na Terry Davis na wenzake, kikafupishwa mwaka 1993 kiwe na maneno 66. Hujulikana kwa kifupi chake, REALM. Mgonjwa hupewa karatasi yenye safu tatu za maneno ya kitabibu, kuanzia mepesi hadi magumu, naye huyasoma kwa sauti. Kila neno lililotamkwa sawasawa hupata alama moja. Jumla ya alama hulinganishwa na madarasa ya shule. Kazi yote huchukua dakika mbili tatu, na katika muda huo mgonjwa haulizwi maana ya neno hata moja.

Msomaji wa Kiswahili atashangaa jinsi kipimo hiki kinavyoweza kufaa kitu. Hata hivyo kwa Kiingereza kinafaa, na sababu yake ni ya kiisimu. Tahajia ya Kiingereza haimwongozi msomaji. Neno la jicho huandikwa e-y-e, na asiyepata kuliona hatalitamka ipasavyo kwa kuziunganisha herufi zake. Kwa hiyo mtu anayetamka sawasawa neno gumu la ugonjwa ametoa ushahidi kwamba alikwisha kukutana nalo, amelisikia na kuliona, na huenda analielewa. Hapo matamshi husimama badala ya mazoea, na mazoea badala ya maana.

Daraja hilo halipo katika Kiswahili. Tahajia iliyosanifishwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ni ya wazi: herufi na sauti hupatana. Mtoto wa darasa la tatu atasoma kongosho, bandama na koromeo bila kusita, na bila kujua kama ni viungo vya mwili au ni samaki wa Lamu. Mgonjwa yeyote aliyejifunza silabi atapata alama 66 kwa 66. Mtafiti ataandika kwamba wagonjwa wake wana kisomo cha juu, na hospitali itaendelea kugawa karatasi zisizoeleweka, ikiwa na cheti cha utafiti mkononi.

Upo pia upande wa pili wa kosa hili. Watakaokosea matamshi katika Kiswahili hawatakuwa wasioelewa, bali watakuwa wale ambao lugha zao za kwanza hazina sauti fulani. Anayetamka dhaifu kama zaifu, au asiyetofautisha r na l, anaweza kuwa analijua neno barabara. Kumnyima alama ni kupima lugha ya mama yake.

Wahispania walikumbana na shida hii mapema, maana tahajia yao nayo ni ya wazi. Mwaka 2006 watafiti walibuni kipimo cha Kihispania, SAHLSA, chenye maneno 50 yaliyotokana na yale ya REALM. Mgonjwa hutamka neno, kisha huonyeshwa maneno mengine mawili aseme lipi linahusiana na lile la kwanza. Njia hii yaweza kufuatwa katika Kiswahili, kwa tahadhari moja. Unyambulishaji wa Kiswahili ni mwanafichuzi. Tuseme neno la kupimwa ni pumu, na majibu mawili ni pumzi na mkojo. Asiyepata kusikia pumu ataona pum- katika maneno yote mawili, akachagua pumzi, akapata alama. Pumu, pumua, pumzi na pumzika ni ukoo mmoja, na mtunzi wa kipimo hana budi kuwaepusha ndugu hawa wasikae pamoja. Jibu lifaalo kwa pumu ni neno la ukoo mwingine, kama vile kifua au kubanwa.

Kipimo cha mapengo

Mwaka 1995 kilitolewa kipimo kipana zaidi, TOFHLA, kwa Kiingereza na Kihispania. Humo mna vifungu vya habari vilivyodondoshwa maneno, na kila pengo lina majibu manne ya kuchagua. Mapengo yote ni 50. Tena mna maswali 17 ya hesabu. Alama hufikia 100, na anayepata chini ya 60 huhesabiwa kuwa kisomo chake hakitoshi. Mbinu ya mapengo yenyewe ilianzishwa na Wilson Taylor mwaka 1953, na walimu wa lugha waifahamu sana.

Ikitafsiriwa katika Kiswahili, mbinu hii hukutana na upatanisho wa ngeli. Tazama mfano huu, uliotungwa kwa ajili ya makala haya:

Vuta dawa ya kutuliza, kisha keti usubiri. Kama ______ haikupungua, nenda hospitalini. (a) vidonge (b) shida (c) mgonjwa (d) chakula

Jibu ni shida. Lakini mtu hahitaji kujua lolote juu ya mapafu ili alipate. Kitenzi haikupungua chataka nomino ya ngeli ya I-ZI katika umoja, na kati ya maneno manne ni shida peke yake iliyo katika ngeli hiyo. Vidonge ingedai havikupungua, mgonjwa hakupungua, chakula hakikupungua. Sarufi imetoa jibu kabla ya maana kuulizwa. Katika Kiingereza hatari hii ni ndogo kwa kuwa kitenzi chake hakibebi alama ya ngeli.

Dawa yake ni rahisi kuitaja, ingawa ni ngumu kuitekeleza: majibu yote manne yawe ya ngeli moja. Katika mfano huu yangekuwa shida, dawa, nguo na safari. Hapo ndipo swali linapokuwa swali. Atakayechagua dawa amedhihirisha kitu cha maana, yaani kwamba husubiri dawa ipungue badala ya kuutazama ugonjwa. Kutunga mapengo 50 ya namna hii si kazi ya siku moja, wala si kazi ya mfasiri aliyepewa saa chache na karatasi ya Kiingereza.

Lakini hata hapo mambo hayajaisha. Wakenya wengi hutumia Kiswahili kama lugha ya pili, na katika mazungumzo yao upatanisho hupunguzwa ukabaki wa namna moja au mbili. Kwa mtu wa namna hiyo haikupungua haitoi fununu yoyote, na pengine itamtatiza. Basi pengo lilelile humpa mzaliwa wa Lamu alama ya bure na kumtilia mgumu mtu wa bara, ilhali wote wawili wanajua sawasawa la kufanya pumzi inapobana. Mtafiti atakayelinganisha pwani na bara kwa kipimo hiki atapata tofauti, na tofauti hiyo itakuwa ya ngeli.

Saa sita na masaa sita

Sehemu ya hesabu ndiyo yenye mtego mkubwa kuliko yote. Swali mojawapo la TOFHLA humwonyesha mgonjwa chupa ya dawa yenye agizo la kumeza kidonge kimoja kila baada ya muda wa saa sita. Huulizwa: ukimeza cha kwanza saa 7:00 asubuhi kwa saa ya Kizungu, utameza cha pili saa ngapi? Jibu la ufunguo ni 1:00 mchana.

Mswahili huihesabu siku tangu kuchwa na kucha kwa jua, na saa yake hupishana na ya Kizungu kwa saa sita kamili. Mgonjwa wa kwanza, anayezijua saa zote mbili, hutafsiri: 7:00 ni saa moja asubuhi, ongeza sita, ni saa saba mchana. Hujibu, "Saa saba." Mpimaji anayetazama ufunguo wenye tarakimu 1 anaweza kumkosoa. Mgonjwa wa pili huiona 7 akaisoma kama ilivyo, saa saba, yaani mchana baada ya adhuhuri. Ongeza sita, ni saa moja jioni. Hujibu, "Saa moja." Mpimaji huona 1, akaweka alama ya sahihi. Huyu wa pili angemeza kila kidonge saa sita baada ya wakati wake, naye ndiye aliyefaulu. Kwa sababu tofauti ya saa mbili hizo ni sita, na muda kati ya vidonge nao ni sita, kosa moja hulifuta jingine juu ya karatasi, lakini halilifuti mwilini.

Kuna jambo jingine katika swali hilohilo. "Kila saa sita" ni nini? Kwa wanaofuata sarufi, saa ni nomino isiyobadilika katika wingi, na masaa ni kosa ambalo walimu wamelikemea kwa miaka mingi. Hata hivyo ukiandika "meza kila saa sita", umemwambia mgonjwa mambo mawili kwa pamoja: ameze kila unapopita muda wa saa sita, au ameze kila ifikapo adhuhuri na usiku wa manane. Umma wa wasemaji umekwisha kuutatua utata huu bila kungoja ruhusa: saa sita ni wakati, masaa sita ni muda. Hapa usanifu hauna budi kuulegezea uso usemi wa watu, angalau kwenye karatasi ya dawa. Asiyetaka kuandika masaa aandike "kila baada ya muda wa saa sita", na azitaje nyakati zenyewe moja baada ya moja.

Bahasha za dawa nazo zina lugha yake. Huandikwa 1 x 3, na aliyefuzu hesabu za kuzidisha atameza vitatu kwa mkupuo. Au huandikwa "kutwa mara tatu". Kutwa, kwa asili yake, ni mchana hadi jua kuchwa; usiku una kucha yake. Anayeijua lugha vizuri ndiye atakayeipanga dawa yote mchana na kulala bila kinga hadi alfajiri, wakati ambao wenye pumu wengi hubanwa zaidi.

Msamiati wa kifua

Vipimo vilivyotajwa hadi sasa ni vya wagonjwa wote. Vimetungwa pia vya mapafu peke yake. Kimoja ni cha Bristol, Uingereza, cha mwaka 2006: kauli 65 juu ya mada 13, na mgonjwa hujibu kweli, si kweli, au sijui. Wataalamu wa pumu wa Philadelphia nao walitunga maswali manne ya hesabu kwa wagonjwa wao mwaka huohuo. Vipimo hivi humuuliza mgonjwa jambo analoliishi, na kwa hiyo vinafaa zaidi. Lakini ndivyo vinavyogonga mwamba haraka zaidi katika msamiati.

Kwanza ni jina la ugonjwa. Hutajwa kama "ugonjwa sugu wa mapafu". Sugu ni ngozi iliyokakamaa kwa kusuguliwa, na kutokana nayo mtu asiyesikia maonyo. Watabibu hulitumia neno hili kwa ugonjwa wa kudumu, na pia kwa ugonjwa usiosikia dawa: kifua kikuu sugu ni kile ambacho dawa za kawaida zimekishindwa. Mgonjwa akiambiwa ana ugonjwa sugu wa kifua, ana haki ya kusikia kwamba ana kifua kikuu, tena kile kisichotibika. Mwingine atarudi nyumbani na kujitengea kikombe chake. Kisha atapewa kauli isemayo "ugonjwa huu unaambukiza", naye atajibu kweli, na kuhesabiwa mjinga. "Ugonjwa wa kudumu" lingeondoa utata huo kwa gharama ndogo.

Pili ni kitenzi kuvuta. Mtu huvuta sigara, huvuta pumzi, huvuta dawa. Mgonjwa huamriwa aache kuvuta, na kwa pumzi hiyohiyo huamriwa avute asubuhi na jioni. Swali "Je, unavuta?" laweza kujibiwa kwa ukweli mtupu na bado likampotosha mwulizaji. Kila mahali katika kipimo kitenzi hiki sharti kiandamane na yambwa yake.

Tatu, na ndilo zito, ni kuzuia. Dawa ya kila siku huitwa dawa ya kuzuia, na ile ya wakati wa kubanwa huitwa dawa ya kutuliza. Lakini kuzuia katika Kiswahili si kutangulia tu. Mtu humzuia mwizi akiwa amekwisha kufika mlangoni. Mgonjwa anayebanwa usiku, akiwa na vyombo viwili mkononi, kimoja "cha kuzuia" na kimoja "cha kutuliza", ana sababu nzuri ya kiisimu ya kushika kile cha kwanza, ambacho aghalabu hakitamsaidia kwa wakati ule. Na mgonjwa huyuhuyu amefundishwa "kuzuia pumzi" baada ya kuvuta. Kitenzi kimoja kinafanya kazi tatu. Kukinga kungekuwa karibu zaidi na maana, kwa kuwa mtu hujikinga na mvua kabla haijamlowesha. Ila kinga tangu kampeni za UKIMWI imepata maana nyingine inayowafanya watu wacheke. Pengine lililo bora ni kuacha kuzitaja dawa kwa kazi zake na kuzitaja kwa nyakati zake: dawa ya kila siku, na dawa ya kubanwa.

Juu ya kujibu

Viko vipimo visivyopima chochote moja kwa moja, bali humwuliza mgonjwa ajipime mwenyewe. Kipimo cha Ulaya kilichotumiwa katika nchi nane mwaka 2011 kina maswali 47, na kila moja hujibiwa kwa daraja nne, kutoka rahisi sana hadi vigumu sana. Mtu aliyelelewa kwa adabu za Kiswahili hatamwambia mhudumu aliyevaa koti jeupe kwamba maelezo yake ni vigumu sana kueleweka. Atasema "nimeelewa, daktari", naye atakuwa ameonyesha heshima. Habari ya kuelewa haimo katika sentensi hiyo.

Ndiyo na hapana nazo zina desturi zake. Muulize mgonjwa, "Je, hujaacha kutumia dawa?" Asipoacha atajibu "Ndiyo", maana ndiyo ya Kiswahili huithibitisha kauli iliyosemwa pamoja na ukanushi wake. Ufunguo wa Kiingereza huweza kuisoma kinyume. Maswali ya kukanusha yafaa yafutwe yote.

Mambo haya hayakomei katika karatasi za watafiti. Tangu mwaka 2009 madaktari wa mapafu wametumia hojaji fupi ya maswali manane, CAT, ambayo mgonjwa hujipa alama 0 hadi 5 katika kila swali, jumla 40. Hiyo hupima dalili, si kisomo. Lakini asiyeweza kuisoma sawasawa hataipa alama sawasawa, na alama 10 ni mpaka unaotumiwa katika kuamua dawa. Swali moja huhusu kuishiwa na pumzi wakati wa kupanda mwinuko au ngazi za nyumba. Mfasiri akiandika "mlima", mkazi wa Murang'a atafikiria Mlima Kenya, na atajipa 5. Akiandika "ngazi" bila kuongeza neno, kijijini itaeleweka ile ya kuegemeza ukutani.

Kazi iliyopo

Watafiti wa afya wanayo njia waliyoizoea ya kuhakikisha tafsiri: mtu mmoja hupeleka Kiingereza katika Kiswahili, na mwingine, asiyeliona lile la awali, hurudisha Kiswahili katika Kiingereza. Zikilingana, tafsiri hupitishwa. Njia hii ina manufaa yake, lakini karibu kila kosa lililotajwa hapa hulipita bila kuguswa. Dawa ya kuzuia itarudi katika Kiingereza ikiwa na maana ileile iliyotoka nayo. Sugu itarudi. Pengo lenye majibu ya ngeli nne litarudi likiwa pengo zuri la Kiingereza, kwa kuwa ngeli hazivuki. Wafasiri wote wawili ni wasomi wa lugha mbili, na mgonjwa si mmoja wao.

Kinachotakiwa ni kumkalisha mgonjwa mbele ya swali na kumwomba aliseme kwa maneno yake mwenyewe kabla hajalijibu, kisha kuyachunguza maneno hayo. Hiyo ni kazi ambayo idara za lugha zimeifanya kwa miaka mingi katika ukusanyaji wa lahaja na fasihi simulizi; vifaa vipo na mafunzo yapo. Kwa Kenya ni muhimu pia kuandika ni lugha gani mgonjwa aliyajibia maswali. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, lakini katika chumba cha daktari kadi huandikwa kwa Kiingereza, maelezo hutolewa kwa Kiswahili, na mgonjwa huyatafakari kwa Kikamba au Kijaluo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2006 ulikuta asilimia 61.5 ya watu wazima wa Kenya wamefikia kiwango cha chini kabisa cha kusoma na kuandika, na ni asilimia 29.6 tu waliofikia kiwango cha kulitumia jambo hilo kwa ustadi. Kipimo kisemacho "soma" kimewaacha nje wengi kabla hakijaanza.

Kwa hao, kupima kwa kitendo kwafaa zaidi kuliko kupima kwa karatasi, na jambo hili si geni katika historia ya Kiswahili. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa njia ya redio. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza, wakajadiliana, na wengi wao walikuwa ndio kwanza wanajifunza kusoma. Mafanikio yake yalionekana katika vyoo vilivyochimbwa na nyua zilizosafishwa. Kwa mgonjwa wa mapafu, choo chake ni inhela. Apewe chombo kisicho na dawa, aambiwe aonyeshe, na kila hatua ihesabiwe. Kisha awekewe vyombo viwili mezani na aulizwe swali moja: "Usiku wa leo pumzi ikikubana, mama, utashika kipi?" Mkono wake utajibu kabla ya sarufi, na swali hilo laweza kuulizwa kwa lugha yoyote aijuayo.